Mbio za Nusu Dakika

Mizani ya dukani kwangu ni ya kupimia magunia. Ni ile ya chuma inayokaa chini: unapandisha gunia la mahindi, unasogeza jiwe la pembeni mpaka mkono wa mizani utulie, kisha unasoma. Nauza nafaka mjini Kitale, mtaa ulio karibu na msikiti, na kwa miaka yote ya biashara sikuwahi kufikiria kwamba ipo siku nitaipanda mwenyewe. Siku niliyoipanda, wapakiaji wangu wawili walikuwa wamekaa juu ya magunia wakinywa chai. Mmoja alisoma kwa sauti kabla sijafungua mdomo: "Mathe, uko gunia moja na gorogoro nne." Gunia letu ni kilo tisini na gorogoro ni kilo mbili, kwa hivyo hesabu yake ilikuwa sawa. Nilimwambia ashike adabu yake na kwamba chai ikiisha kuna lori linangoja.

Niliipanda kwa sababu ya ndugu yangu mdogo. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi kule nyumbani, Kamukuywa, na figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa. Mara mbili kwa wiki alipelekwa Bungoma mjini kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu, kwa muda wa saa nne kila mara, na jioni alirudi amenyauka kama mboga ya jana. Tulizaliwa watatu. Dada yetu mkubwa ana sukari, kwa hivyo aliondolewa siku ya kwanza ya vipimo. Nikabaki mimi. Damu zetu zililingana, na vipimo vingine navyo vikalingana, na mimi nikajua mambo yamekwisha, bado kukatwa tu.

Daktari wa hospitali kubwa tulikotumwa alikuwa mwanamke mdogo mwenye miwani. Alisoma karatasi zangu, akaniangalia, akarudi kwenye karatasi. "Figo zako ni nzuri," akasema. "Shida ni haya mafuta." Presha ilikuwa juu kidogo, ini limeanza kunenepa, na daktari wa upasuaji hangenigusa nikiwa hivyo. Alitaka nishuke mpaka kilo themanini na tano. "Na usijinyime chakula. Mtu aliyejikondesha kwa njaa pia hatutamkata. Nataka mafuta yatoke na nguvu ibaki. Nakupa miezi mitano."

Nikamuuliza, "Na ndugu yangu ana miezi mingapi?"

Aliandika kitu kwenye faili.

Nilitoka pale nimekasirika, na nilikasirika njia nzima mpaka Kitale. Miaka yote hiyo watu wananiambia nimenawiri, nimependeza, biashara imekubali. Kila aliponiona mtu wa nyumbani alipiga makofi. Kumbe nilichobeba kiunoni ndicho kinachomzuia ndugu yangu kupona. Nilijichukia, na sioni haya kulisema.

Jirani yangu dukani ni fundi wa cherehani, mwanamke Mwislamu wa rika langu, mwembamba, mwenye maneno. Ukuta wetu ni mmoja, kwa hivyo hakuna siri. Nilipomweleza, hakunipa pole. Aliuliza, "Wewe mazoezi yako ni gani?" Nikamwambia jioni huwa natembea kutoka dukani mpaka nyumbani. Akacheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani.

"Hayo ni matembezi, dada, tena na simu sikioni. Kwa miezi mitano unahitaji mbio fupi. Nusu dakika unakimbia kwa nguvu zako zote, hubakishi kitu. Dakika moja na nusu unatembea, unatafuta pumzi. Halafu tena. Anza na raundi nne, ukizoea fika nane. Siku tatu kwa wiki, siku nyingine tembea."

"Nusu dakika? Nusu dakika ndiyo itanitoa haya yote?"

"Jaribu kwanza, ndio uje uniulize."

Alijua anachosema. Shuleni alikuwa mkimbiaji wa mita mia nne, na mpaka leo anakimbia, ila hakuna anayemwona. Mimi sikumuuliza anakimbia wapi. Nilinunua raba, na asubuhi ya Jumatatu, kumepambazuka vizuri, nikaingia barabarani kuelekea upande wa Kipsongo.

Kitale watu wamezoea wakimbiaji. Kila asubuhi wanapita, wembamba, miguu mirefu, hakuna anayegeuza shingo. Lakini mkimbiaji wa Kitale ana umbo lake, na hilo umbo si langu. Mama mnene anayetembea polepole, halafu ghafla anatimka kwa nguvu zote macho mbele, kwetu huyo ana maana moja tu: ameibiwa.

Raundi ya kwanza nilibahatika. Raundi ya pili, mbele yangu kulikuwa na mwanamume anatembea haraka haraka na mfuko wa sandarusi begani. Sikumtazama mara mbili. Nilitimka. Watu wa bodaboda waliokuwa kwenye kituo chao waliniona.

"Mathe, ni huyo?" mmoja akaita.

Mimi pumzi sina. Mdomo uko wazi, hewa haiingii, maneno yatatokea wapi? Nikanyoosha mkono kuwaambia hapana, wacheni. Wao wakaona nimemnyooshea yule mtu kidole.

"Ni yeye! Mwizi! Shika!"

Kabla sijafika, walikuwa watu wanane. Wamemshika kola, mfuko umemwagwa, na mmoja tayari ameokota jiwe. Ndani ya mfuko kulikuwa na mwiko, nyundo na timazi. Mtu wa watu alikuwa fundi wa mawe anaenda kazini. Nilijitupa katikati yao nikamkumbatia mkono kama mume wangu, na sauti bado haitoki. Nilitikisa kichwa. Wakauliza, "Hakukuibia?" Nikatikisa tena. "Sasa mbona unamfukuza?"

Nikasema, neno moja moja, "Nafanya... mazoezi."

Wakatazamana, halafu wakaangua kicheko. Walicheka wote isipokuwa fundi wa mawe na mimi. Yule mwenye jiwe alilitupa mtaroni na kujipangusa mikono kama aliyemaliza kazi. Nilijua vizuri nimeona nini: ningechelewa hatua ishirini, mtu angekufa. Nilimwomba fundi msamaha. Aliokota vyombo vyake kimoja kimoja, akapangusa mwiko kwa kiganja, akaniambia, "Mama, kama unataka kukonda, kondea kwako."

Nilienda moja kwa moja kwa jirani yangu nikamwambia nimekaribia kuua mtu. Hakucheka siku hiyo. Alisema, "Mimi unafikiri kwa nini sikimbii barabarani? Njoo kwangu kesho, baada ya swala ya alfajiri."

Nyuma ya nyumba yake kuna uwanja wenye ukuta mrefu. Kutoka getini mpaka kwenye tangi la maji ni hatua arobaini. Pembeni amepanda sukuma wiki. Hapo ndipo alipokuwa akikimbia miaka yote, amevaa suruali pana na mtandio umefungwa nyuma ya shingo, na jirani hata mmoja hajui. Alishika simu yake, akaweka saa, akasema, "Geti mpaka tangi, tangi mpaka geti, mpaka nikwambie simama. Haya!"

Nilikimbia. Akapiga kelele, "Hiyo ni mbio ya kuwahi benki! Kimbia kama umekumbuka umeacha jiko limewaka!"

Nimefanya hizo raundi mara nyingi tangu siku hiyo na naweza kueleza bila kuongeza chumvi. Raundi ya kwanza ni ya uongo, mwili haujajua umeingizwa wapi. Ya pili umejua. Ya tatu mapaja yanawaka na mate yanakuwa mazito. Ya nne unatafuta mtu wa kulaumu, na mimi nilimlaumu fundi wa cherehani, nikamtukana kwa Kibukusu ambacho hasikii. Wiki ya kwanza nilitapika kando ya sukuma yake. Alileta maji kwa kopo, akamwagia pale, akasema, "Bado moja."

Kuhusu chakula alikuwa mkali vilevile. "Ukikimbia dakika kumi na sita halafu ukashushia soda mbili na mandazi, umetoa jasho bure." Niliacha sukari kwenye chai. Niliacha chapati za jioni, jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Nilikula mayai, maharagwe, mboga, na ugali wa ukubwa wa ngumi. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilipanda mizani mbele ya wapakiaji, nikasogeza jiwe, ikasoma kilo moja na nusu pungufu. Moja na nusu! Baada ya jasho lote lile! Niliteremka nikapiga gunia teke, nikaumiza kidole. Lakini usiku nilikuwa nalala vizuri, na ngazi za stoo nilikuwa napanda nikiongea. Mwezi wa pili zilitoka tatu. Mwezi wa tatu nyingine nne, na raundi zikawa nane. Wapakiaji waliacha mzaha, wakawa wanangoja siku ya mizani kwa hamu kuliko mimi. "Mathe leo umeingia chini ya gunia!" Walinipigia makofi.

Jambo ambalo hakuna aliyenieleza ni kwamba mafuta hayatoki mahali unapotaka. Tumbo langu liling'ang'ania mpaka mwisho. Kilichoenda kwanza ni mashavu, halafu shingo, halafu mifupa ya kifuani ikaanza kuonekana juu ya kola. Kwa hivyo mtu aliyeniona nimevaa nguo zangu pana za zamani alichoona ni uso.

Na nyumbani walichoona ni uso. Kila mwisho wa mwezi nilienda Kamukuywa kumwona ndugu yangu. Kwetu mgeni hakatai chakula. Unawekewa kuku, unawekewa ugali kama kichuguu, na ukisema umeshiba unaulizwa umekula kwa nani. Nilikula mapaja ya kuku, nikauacha ugali nusu. Mama aliniangalia. Mwezi wa tatu alinishika hapa, chini ya shingo, akapapasa mfupa kwa kidole gumba kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni, akaniongezea ugali. Mwezi wa nne aliuliza.

"Wewe unaumwa nini?"

"Mama, nakimbia. Nilikuambia. Daktari alisema nipunguze mafuta ndio nimpe huyu figo."

"Mtu mzima anakimbia anakimbilia nini?"

Hakuniamini. Kwetu mtu akikonda kuna sababu, na sababu ni tatu: ana mawazo, ndoa imemshinda, ama ni ule ugonjwa ambao hautajwi. Mume wangu alishafariki zamani, kwa hivyo ndoa haikuwa sababu. Nikaona akinamama wa kanisani kwa mama wananisalimia kwa mikono miwili na sauti ya chini, ile sauti ya kwenda kuona mgonjwa. Nilicheka wakati huo. Sikujua itanigharimu.

Mwezi wa tano nilikuwa kilo themanini na sita. Gunia kasoro gorogoro mbili, kama alivyotangaza mpakiaji. Imebaki kilo moja na kesho yake ni vipimo vya mwisho. Sasa mimi nikajifanya mjanja. Asubuhi ile ile ya vipimo, kabla ya kusafiri, nilikimbia raundi nane, nikapumzika, nikaongeza nne. Fundi wa cherehani alikuwa ameenda kwa mashemeji zake, kwa hivyo hakuna aliyenizuia. Nilifika hospitali mizani ikisoma themanini na tano kamili, nikajipiga kifua. Walichukua damu, wakachukua mkojo. Saa nane daktari aliniita, miwani mkononi.

"Mkojo wako una protini. Nyingi. Hii haikuwepo." Alikuwa ameshtuka, na mimi nikashtuka kwa kumwona ameshtuka. Figo ikianza kuvuja protini huwa ni dalili mbaya. Aliniuliza maswali mengi, mwisho akauliza, "Leo asubuhi ulifanya nini?" Nikamwambia kwa majivuno. Raundi kumi na mbili!

Aliweka kichwa mikononi. Ilikuwa ni zile mbio. Ukijikamua hivyo, figo huachia protini kwa muda, halafu inarudi sawa. Lakini hangeweza kuniandikia kwa kukisia. "Rudi baada ya siku kumi. Siku kumi hukimbii. Hata mvua ikikupiga, tembea."

Nilimpigia mama simu jioni, na hapo ndipo kosa langu la pili. Nilimwambia wamekuta kitu kwenye mkojo, tumeambiwa turudi. Nilieleza na mambo ya mbio, lakini hayo hayakufika. Kilichofika, kikapita kwa dada, kikapita kwa majirani, kikarudi kwa ndugu yangu, ni kwamba figo zangu zimeharibika na hospitali imenirudisha nikafie nyumbani. Siku ya tano baba mdogo alinipigia: Jumamosi kuna kikao cha familia. Kwetu mwili wa mtu si wake peke yake. Hakuna anayekatwa kabla ukoo haujakaa.

Jumamosi ilikuwa siku ya sita kati ya zile kumi. Tulikaa sebuleni kwa mama. Tulifungua kwa maombi, maana kwetu hata kikao cha kugombana kinafunguliwa kwa maombi. Ndugu yangu alikuwa kwenye kochi, miguu imevimba, amevaa malapa kwa sababu viatu havimwingii. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Nilimwona nikataka kulia, lakini baba mdogo alikuwa ameshaanza.

"Sisi hatukatai msaada," akasema. "Rakini mtu akipungua hivi, harafu hospitali yenyewe inasema mkojo iko na shida, si ni ukweli iko mbele yetu? Tuongee kama watu wazima."

Nikaeleza. Nikaeleza tena. Kila nilipotaja mbio walitazama chini, kwa huruma, kama unavyomsikiliza mtu mwenye homa.

Mama alisema, "Nilizaa watatu. Mmoja yuko kwa mashine. Sasa mnataka kumpasua huyu mwenye ameisha hivi, nibaki na nini? Mimi sitazika wawili."

Halafu ndugu yangu akaongea, na hakuniangalia. "Dada, nimeamua. Sitachukua. Kama uko mgonjwa na hutaki kutuambia, sawa, hiyo ni yako. Lakini usinibebeshe kifo chako."

Niliwaka. Miezi mitano! Nimetapika kwa watu, nimekaribia kuua mtu barabarani, nimeacha chapati, halafu huyu amekaa hapo anakataa kuishi kwa sababu mashavu yangu hayampendezi! Na daktari hatamkata mtu kwa nguvu. Ndugu yangu akisema hapana, basi ni hapana, na hata mkojo wangu ukiwa safi kama maji ya kisima hautamsaidia mtu. Nilikumbuka siku kumi. Nilikumbuka na nikaamua kuzivunja.

Nilisimama nikampa simu yangu. "Shika. Imewekwa nusu dakika. Ikilia, piga kelele nisimame. Halafu hesabu dakika moja na nusu, upige kelele tena. Mara nane."

"Dada, acha mchezo bana."

"Nimesema shika!"

Nyumba ya mama iko juu. Kutoka getini mpaka barazani ni kupanda. Nilivua viatu, nikafunga gauni kwa leso, nikateremka mpaka getini. Wote walitoka nje. Ndugu yangu aliletewa kiti barazani. Nilisubiri, nikafikiri hatapiga kelele, akapiga.

Nilipanda ule mlima kwa nguvu zangu zote. Nikarudi natembea. Raundi ya pili mama alianza kulia, "Mshikeni, atatufia hapa!" Raundi ya tatu baba mdogo alisimama njiani amenyoosha mikono. Nikampita pembeni, akageuka kuniangalia mdomo wazi. Raundi ya nne mapaja yaliwaka kama kawaida yake. Udongo ulikuwa na vijiwe na nyayo zangu zilijua. Raundi ya tano nikasikia sauti ya ndugu yangu imebadilika. Ilikuwa ile sauti yake ya shule, ya siku ya michezo, ambayo sikuwa nimeisikia kwa muda mrefu: "Inua magoti! Magoti, dada!" Raundi ya sita hakuna aliyelia. Ya saba watu wa jirani walikuwa wamejaa kwenye ua. Ya nane nilifika barazani, nikasimama mbele ya mama yangu nimeweka mikono kiunoni, jasho linanichuruzika mpaka kwenye nyayo, na nikaongea bila kukatika.

"Mtu anayekufa anafanya hivi? Kama kuna mzima hapa anayeweza raundi mbili tu, ajitokeze, mimi nikae chini nife."

Hakuna aliyejitokeza. Ndugu yangu alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili na machozi yanamtoka hayafuti.

"Dada, mimi nataka kuishi," akasema. "Nilisema hapana kwa sababu naona aibu kutaka."

Nilikaa chini kwenye saruji karibu na malapa yake. Nilimwambia hiyo aibu aiweke kando, Jumatano twende hospitali. Baba mdogo alikohoa, akasema familia imeona. Mama hakusema ndiyo wala hapana. Alisema chakula kinapoa.

Jumatano nilimwambia daktari ukweli, kwamba nimekimbia Jumamosi, na kwa nini. Nilitarajia anifukuze. "Siku mbili zingetosha," akasema. "Kumi nilikupa kwa sababu nimekujua kichwa chako." Mkojo ulikuwa safi.

Baada ya hapo kulikuwa na karatasi, na maswali, na watu wa kuhakikisha hakuna aliyenilazimisha. Tulipasuliwa mwezi uliofuata, siku moja, vyumba viwili. Sina mengi ya kusema kuhusu upasuaji, maana nililala. Nilipoamka ubavu ulikuwa unauma kiasi kwamba niliogopa kukohoa. Mama alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, mkoba mapajani. Kwa wiki zote zile hakuwa ametoa baraka yake kwa mdomo. Alikuja tu, akakaa. Nilimuuliza kuhusu ndugu yangu, akasema hawajamwambia kitu.

Kuna jambo watu hawalijui kuhusu mtu aliye kwenye mashine, na wagonjwa wenyewe hawalisemi. Ndugu yangu hakuwa amekojoa, kukojoa kwa mtu mzima, kwa mwaka mmoja na zaidi. Maji aliyokunywa yalibaki mwilini mpaka mashine iyatoe. Alikunywa kwa kipimo cha kikombe kidogo, na siku za joto alinyonya kipande cha barafu.

Jioni nesi aliingia. Alikagua dripu yangu, akauliza, "Wewe ndiye dada ya mwalimu?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu. "Figo yako ilianza kazi hata kabla hawajamaliza kushona. Amejaza mfuko mmoja wa mkojo. Sasa hivi tumeweka wa pili."

Mama alisimama. "Mkojo yake? Yake mwenyewe?"

"Yake mwenyewe, mama."

Mama yangu ni mtu wa kanisa, mtu wa sauti ya chini. Aliweka mkoba sakafuni, akainua mikono, akapiga vigelegele ambavyo sikuwahi kuvisikia akivipiga, hata kwenye harusi yangu. Wodi nzima iligeuka. Nesi alimkimbilia amenyoosha mikono, "Mama, polepole, tafadhali, hapa kuna wagonjwa wamelala."

"Waamke," mama akasema. "Mtoto yangu amekojoa."